Mgonjwa wa Mfano

Mama yangu hajawahi kuugua mafua ya ndege. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu Jang'ombe bado wapo watakaokuapia kwamba aliugua, na kwamba walimwona kwa macho yao akitolewa mlangoni juu ya machela. Kumwona walimwona kweli. Mimi ndiye sikuwepo.

Nyumba yetu ina ua mdogo nyuma, na uani palikuwa na banda la kuku. Mama alianza kufuga baba alipofariki, kwanza ili asikae bure, baadaye kwa sababu alikuja kujua kwamba ana mkono wa kuku. Walikuwa wa kienyeji, si wale wa madawa. Asubuhi alifagia banda kabla hajafagia ukumbi, na nikimtania kwamba kuku wanaishi vizuri kuliko mimi, alinijibu kwamba kuku hawamjibu.

Sasa mtaani kwetu mwanamke akijifungua, lazima anywe supu ya kuku wa kienyeji yenye pilipili manga ya kumtoa jasho, hiyo ndiyo arubaini yake. Mtoto hajamaliza kulia kilio cha kwanza, mtu kashatumwa kwa mama. "Hodi, bi mkubwa, tumepata mzazi." Mama hakukubali mtu amchagulie. Aliingia bandani mwenyewe, akawapapasa vifua, akatoka na tetea aliyemridhia, na kabla ya kumkabidhi alitaka aambiwe mtoto ni wa kike au wa kiume na mama yake anaendeleaje. Hakuwa na cheo wala hakuwa na mali, lakini alikuwa mtu wa kuendewa. Hapakuwa na uzazi mtaani usiopita mlangoni kwake. Ukitaka kujua walichomnyang'anya, ni hicho. Kuku ni kuku tu, wanapatikana.

Baada ya korona kupita, kila mwenye mradi aligundua neno kujiandaa. Tukaambiwa safari ijayo maradhi yanaweza kutokea kwa ndege, kwamba huko nje kuku wanakufa, bata wanakufa, na siku yakizoea kuingia kwa watu hayatauliza huyu nani. Sikatai. Mimi si katika wale wanaodai kila maradhi ni hadithi za wazungu. Korona ilinichukulia shangazi. Mtu akiniambia tahadhari kabla ya hatari, namwambia ahsante. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani nina ugomvi na kujiandaa. Ugomvi wangu ni na waliotuandaa.

Mradi mmoja wa namna hiyo uliwaita wafugaji wa mitaani semina Mbweni, kwenye ukumbi wa hoteli, na mama akawa miongoni mwao. Nilimsindikiza kwa sababu hakupenda kwenda peke yake mahali penye viti vya kuvishwa nguo. Alivaa buibui lake jipya. Vijana wa mradi walituonesha picha ukutani: kuku kavimba kichwa, kuku kishungi kimegeuka rangi ya zambarau. Wakasema ukiona kuku amesinzia usimchinje, usimguse, usimpe jirani, piga simu namba hii.

Ukumbi mzima ulinung'unika. Mtu wa huku kwetu akiona kuku amejikunyata, jambo la kwanza ni kumuwahi. Anamkimbiza kwa mwanamume aliye karibu mwenye kisu, achinjwe kwa bismillahi kabla hajafa, kwa sababu akishakufa mwenyewe ni kibudu, haramu, wa kutupwa. Tumelelewa hivyo. Kideri kikiingia mtaani na kuku wakaanza kufa, ndiyo wiki tunayokula nyama kuliko wiki zote, na mwenye kuchinja wengi hugawa, ndiyo ada. Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu aliuliza, "Kwa hiyo nimwangalie tu mpaka awe kibudu?" Kijana akamjibu kwa heshima kwamba ndiyo, mzee wangu, umwangalie tu.

Mama alinyanyua mkono. Kwa kumjua, najua ilimchukua muda kujipa moyo.

"Na nikishapiga simu hiyo, mtakuja kufanya nini?"

"Tutakuja na utaratibu wetu, mama. Usiwe na wasiwasi."

Mama akaridhika. Mchana tukala biriani ya kuku, maana hata mwenye kupanga chakula cha semina ile hakuona ajabu yake. Mama akanifundisha njia nzima ya kurudi mambo niliyokwisha kuyasikia kwa masikio yangu, kama kwamba nilikuwa nimelala. Namba ile aliibandika kwenye mlango wa kabati. Tangu siku hiyo akawa ana viatu vya bandani mbali na vya nyumbani, na ndoo ya sabuni mlangoni pa banda. Sidhani palikuwa na mtu mwingine kisiwani aliyewasikiliza namna ile.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya nisage meno mpaka leo. Mradi ulitaka kufanya zoezi, yaani kuigiza kwamba maradhi yameingia, ili waone wanavyoweza kukimbia na kupulizia dawa na kubeba mgonjwa. Zoezi lilipangwa lifanyike soko la Mwanakwerekwe, penye wauza kuku, na gari la kipaza sauti lilikwenda kutangaza huko siku moja kabla: jamani msishtuke, ni majaribio. Wauza kuku hawakushtuka. Walikasirika. Walisimama mbele ya matenga yao wakasema mtu aliyevaa nguo nyeupe akikanyaga hapa, atatoka bila nguo. Mnatuharibia biashara, nani atanunua kuku akishaona hayo? Na walikuwa na haki, walijua watu walivyo. Mradi ukafyata mkia, ukatafuta pahala pengine pa haraka, kwa sababu wageni wa kulitazama zoezi lenyewe walikuwa wameshafika.

Sheha wetu, kiongozi wa mtaa, akapiga hodi kwa mama asubuhi ileile. Alimwambia banda lake ndilo safi kuliko yote, wageni wasije wakaona aibu, na itachukua muda mdogo tu. Wenye sauti walikataa, mwenye adabu akakubali. Mama angesema nini? Mtu mzima kasimama mlangoni kwako, kakuamkia kwa heshima, kakuomba. Alisema karibuni, akaenda kuchemsha chai. Gari la kipaza sauti halikufika Jang'ombe. Lilikwishamaliza kazi yake, huko ambako zoezi halikufanyika.

Mimi nilikuwa dukani Hurumzi, ninakouza kanga na viungo kwa watalii. Simu ikalia, alikuwa jirani yetu wa ubavuni. Huyu na mama waliingia mtaani wakiwa maharusi wa mwaka mmoja; walizaa pamoja, wakazika pamoja, na ukuta kati ya nyumba zao una tundu walilolitoboa wenyewe kupitishiana bakuli. Alikuwa analia hata simfahamu.

"Mwanangu, njoo mbio. Mamako kachukuliwa."

"Kachukuliwa na nani?"

"Watu weupe pee mpaka machoni! Wamemtia kwenye machela, wamemfunika, gari linalia. Na kuku wametiwa magunia. Yarabi, mwanangu, ni hayo ya kuku. Hayo hayo!"

Sikumbuki nilifungaje duka. Nakumbuka nilipanda bodaboda nikiwa nimeshika mkononi pakiti ya karafuu ya mteja, na mteja nimemwacha amesimama. Nilikwenda hospitali. Pale mapokezi nikamwambia dada wa dirishani kwamba mama yangu kaletwa na mafua ya ndege, na watu wote waliokuwa kwenye foleni wakasogea nyuma, hata aliyekuwa na mguu uliofungwa. Dada akaniambia hakuletwa mtu. Nikamwambia kaletwa, kwa gari linalolia. Akasema hakuletwa. Hapo nikajua kafia njiani. Nilijua kabisa, na nikakaa kitako chini sakafuni, nikaanza kumwombea mama yangu kama maiti.

Nilimkuta nyumbani. Alikuwa amekaa barazani, ana soda mkononi na fulana iliyokunjwa mapajani, nyeupe, imeandikwa Tuko Tayari. Anatabasamu.

"Walikosa mgonjwa," akaniambia. "Aliyekuwa awe mgonjwa alikuwa kijana wao, wakaona hapendezi. Nikawaambia haya, nitalala mimi. Mwanangu, mimi kwenye machela! Nilitaka kucheka, wakaniambia kohoa. Nimekohoa vizuri, wamenisifu."

Walimzungusha mpaka barabara kubwa, wakamrudisha kwa gari jingine, wakamshukuru mbele ya wageni wote. Kuku wakatolewa kwenye magunia mmoja mmoja, wazima, wamepigwa na bumbuazi. Lile gari lililolia lilikuwa limeondoka na macho ya mtaa mzima. Kurudi kwake hakukuwa na king'ora, na hakuna aliyemwona. Langoni waliacha utepe mwekundu na mweupe. Niliukata kwa meno.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia amenifanya yatima nusu saa nzima. Tabasamu likamtoka usoni, akaiweka soda chini, akasema, "Mimi nlidhani nimewasaidia." Ningekuwa na akili ningenyamaza hapo, na ningekwenda kuzipeleka kelele zangu zinakostahiki.

Jirani alikuja, akamkumbatia mama, wakalia wote, nikamweleza kwamba yalikuwa majaribio. Akasema Alhamdulillahi. Lakini akiwa anatoka aligeuka akalitazama banda, akasema, "Ila lisemwalo lipo. Hawawezi kuja watu wote wale bure." Tangu hapo hakuingia tena uani kwetu.

Walianza wanunuzi wa mayai. Mmoja alisema kapata kwengine, mwingine alisema daktari kamkataza mayai. Mama aliwaamini wote. Mafundi wa kujenga waliokuwa wakija kununua jogoo wa Ijumaa wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Watoto wakabuni mchezo: mmoja analala chini anakohoa, wengine wanavaa mifuko ya plastiki kichwani wanambeba. Mama aliucheka mara ya kwanza. Mara ya pili alifunga dirisha.

Nikaenda kwa sheha. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamwomba jambo moja tu: lile gari la kipaza sauti lije mtaani, liseme kwamba mama ni mzima na kuku wake ni wazima. Sentensi moja. Akaniambia gari ni la mradi, na mradi umeshamaliza awamu yake, umekwenda zake. "Litapita tu, mwanangu. Watu husahau." Nikamwambia basi aseme yeye mwenyewe, msikitini, baada ya sala. Akasema hana idhini ya kuzungumzia masuala ya maradhi. Alikuwa na idhini ya kumlaza mama yangu kwenye machela. Nilitoka bila kuaga, na najua aliniona sina adabu, na nilitaka anione hivyo.

Kisha mtoto wa jirani akajifungua, wa kwanza wake. Huyu msichana alikulia uani kwetu, mama ndiye aliyemsuka nywele siku ya harusi. Tulisikia vigelegele kupitia ukutani. Mama alikurupuka, akaenda bandani, akatoka na tetea mnene kuliko wote, akamfunga miguu kwa kitambaa, akakaa naye mapajani akisubiri hodi. Alikaa mpaka adhana ya alasiri. Jirani alipita mbele ya baraza na mfuko kutoka Mwanakwerekwe, kuku wa barafu waliokuja kwa meli kutoka nchi ambazo hata hazijui, huenda ndiko hasa maradhi yaliko. Alisalimia haraka. Mama akasema hongera, shoga yangu. Halafu akamfungua yule tetea, akamrudisha.

Ilipokuja Ramadhani, mama alipika futari ya muhogo wa nazi akapitisha bakuli kwenye tundu la ukuta, kama miaka yote. Bakuli lilirudi limeoshwa, tupu. Kwetu sisi bakuli halirudi tupu, hata uwe huna kitu utatia tende moja. Asubuhi niliona muhogo umemwagwa kwenye mtaro, paka wanaugombania. Niliufukia kwa mchanga kabla mama hajatoka. Yeye akaniambia bila kunitazama, "Usijisumbue, nshauona." Kesho yake akapitisha jingine. Siku ya tatu akaacha, na tundu likabaki tundu la kupitisha upepo.

Mjomba alikuja na tenga akawachukua kuku wote kuwapeleka shamba Makunduchi, kwa sababu hawakuwa na wa kuwala wala wa kuwanunua, na mama hakutaka kuchinja kila siku kwa watu wawili. Banda likageuka pahala pa kuwekea makuti. Mama akaanza kulala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nikimwuliza anaumwa nini husema haumwi, na ni kweli, hata siku ile ya machela hakuwa akiumwa.

Haya, sasa juzi wakati upepo wa kusi ulipoanza, kuku wakaanza kufa. Hawakuwa wetu, sisi hatuna. Wa nyumba ya pili kwanza, kisha wa nyuma ya msikiti, kisha wa jirani, ambaye alifuga wachache tangu mama alipoacha. Walikuwa wanasinzia, vichwa vinapinda. Labda ni kideri. Kideri huja kila mwaka na sura ndiyo hiyohiyo. Labda sicho. Mtaa mzima waliwasikia watu wa mradi, au walisikia kwa mama, kwamba namba ipo na simu haina malipo. Hakuna aliyepiga. Mzee wa kuchinja aliitwa nyumba baada ya nyumba kimyakimya, watu wakawa wanachinjia ndani na manyoya wanayafukia, na harufu ya kitunguu thomu ikatanda njia nzima. Kila mtu anajua kinachompata mtu anayejulikana kuwa na kuku wagonjwa. Walifundishwa, mlangoni kwa mama yangu.

Tulikuwa jikoni tuliposikia kitu kimekwaruza ukutani. Kwenye tundu limeingia bakuli lililofunikwa kawa, na nyuma yake sauti.

"Shoga? Upo? Nimekuwahishia. Wangu nao wamenianza leo, nimewawahi wote. Hili paja lako."

Mama alisimama pale na mwiko mkononi. Hakuitwa shoga tangu kabla ya Ramadhani.

"Nipo," akasema. "Ahsante, shoga yangu. Mzazi hajambo?"

"Hajambo. Mtoto anatambaa. Njoo umwone, kwani umehama?"

Alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Mchuzi ulikuwa wa nazi, mzito, mafuta yamepanda juu, na paja lilikuwa zima. Nilishika simu. Namba bado ipo kabatini, sihitaji hata kuitazama.

"Mama, usile. Hujui walikuwa wanaugua nini. Weye ndiye uliyenifundisha. Acha nipige, waje wapime tu."

"Waje kwa nani?"

"Kwa jirani."

"Na utaratibu wao?" Akavuta kigoda akakaa. "Watamtia nani kwenye machela? Yule mtoto?"

Nikamwambia wanaweza kufa watu. Nilisema kwa sauti ya chini kwa sababu ya lile tundu. Akasema anajua, alikaa semina yote, hakusinzia kama mimi. Kisha akaninyooshea mkono nimpe simu, nikampa, akaiweka chini ya mkeka akaikalia. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na mtu wa kumtolea mle jikoni. Waliostahiki hawakuwepo, wako kisiwa kingine na machela yao, wanaandaa watu.

"Nikirudisha hili bakuli," akasema, "hatanipa jingine mpaka nife."

Akanyofoa nyama. Jirani alikuwa bado kasimama upande wa pili, tunamsikia anavyopumua, anasubiri.

"Limekolea?" akauliza.

"Limekolea, shoga," mama akamjibu, anatafuna, machozi yanamtoka. Akanisukumia bakuli, akaniambia kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "Na weye kula, mwanangu, mbona huli?"

Nikala.